Pikipiki Kuukuu na Njia za Pap Onditi

Na Karani mmoja wa Nyakach

Msafiri atokaye Kisumu kwa barabara ya Ahero huona mashamba ya mpunga, kisha hugeuka kusini mpaka Katito. Hapo njia hugawanyika. Moja huelekea Sondu, na ya pili hushika upande wa Kendu Bay. Akiifuata hiyo ya pili, muda si mrefu atafika Pap Onditi, mji mdogo wenye soko, hospitali na ofisi za serikali za Nyakach. Neno "pap" kwa Kijaluo ni uwanja wazi, na jina hilo lasema kweli, kwa kuwa ardhi ya hapa imelala kama mkeka uliotandikwa. Lakini mgeni asidhani kwamba Nyakach yote ni tambarare. Nyuma yetu umesimama ukingo wa Nyabondo kama ukuta wa boma, na upande wa pili nchi huteremka polepole mpaka inapokutana na maji ya ziwa huko Kusa.

Mimi ni karani hapa. Kazi yangu hunitaka nipeleke barua, fomu na hesabu kwa machifu na manaibu wao, na vijiji vyao vingi haviko kando ya lami. Kwa hiyo ninayo pikipiki, nayo ni kuukuu. Wasomaji wengi wa gazeti hili, wawe wakulima au makarani wenzangu, wanazo za namna hiyo, au wanatazamia kuzinunua. Nimeona yafaa niwaeleze njia 3 za nchi hii, yaani njia ya udongo mweusi, njia ya ziwani na njia ya mlimani, na mambo ambayo kila njia ilinifundisha juu ya kuitunza na kuibadili mashine hiyo kwa mikono yangu mwenyewe. Katika hayo limo kosa langu moja, nami sitalificha, kwa kuwa ndilo lililonifundisha kuliko mengine yote.

JINSI NILIVYOIPATA

Pikipiki yangu ni Yamaha AG100. Herufi hizo AG zatokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kilimo, maana mashine hii iliundwa kwa ajili ya mashamba, na kwa miaka mingi mabwana shamba wa Kenya walionekana wakizipanda. Yangu niliinunua katika mnada wa vyombo vilivyoondolewa katika huduma, kwa bei ya mbuzi wazuri wanne au watano. Ilikuwa na vumbi la miaka, tandiko limechanika, na taa ya nyuma haipo. Vijana wa boda boda waliokuwa pale walinicheka. Mmoja akaniambia, "Karani, umenunua babu yako."

Hawakukosa haki ya kucheka, kwa kuwa wao wana mashine mpya. Sote twajua jinsi kazi yao ilivyoanza. Katika miaka ya 1960, huko Busia, vijana walikuwa wakivusha watu na mizigo kwa baiskeli kutoka boda hadi boda, na hapo jina likazaliwa. Baiskeli hizo zikaenea mpaka Kisumu. Kisha, kati ya mwaka 2007 na 2008, serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo zisizozidi cc 250, pikipiki zikamiminika mpaka vijijini. Nyingi katika hizo zina injini ya mipigo 4, ambayo oili yake hukaa chini ya injini na kuzunguka humo. Yangu ni ya mipigo 2. Katika injini ya namna hii oili ya pistoni haizunguki ikarudi, bali huingia pamoja na petroli na kuteketea. Isipoingia, chuma husugua chuma.

Zamani mwenye pikipiki ya mipigo 2 alilazimika kuchanganya oili na petroli kwa mkono wake kila alipojaza tangi. Mwaka 1964 kampuni ya Yamaha ilitoa pikipiki yenye pampu ndogo, iliyoitwa Autolube, ambayo hunyonya oili kutoka tangi lake dogo na kuitia katika injini kwa kipimo. Mwendo ukizidi, oili huzidi. Mwendo ukipungua, oili hupungua. Pikipiki yangu inayo pampu hiyo. Naomba msomaji aikumbuke, kwa kuwa tutairudia.

NJIA YA UDONGO MWEUSI

Udongo wa tambarare yetu ni mweusi, ule uitwao udongo wa pamba. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono waweza kuingia. Mvua za Machi mpaka Mei zikinyesha, hunata kama ugali usioiva. Katika masika yangu ya kwanza nilitoka asubuhi nikiwa nimevaa shati jeupe, na kabla ya kwenda mbali gurudumu la mbele likaacha kuzunguka. Udongo ulikuwa umejaa kati ya tairi na madigadi, ukashindiliwa kama saruji. Nikakwangua kwa kijiti, nikaenda hatua 50, ukajaa tena. Watoto wa shule walinipita kwa miguu, wakanisalimu kwa adabu, kisha wakacheka walipokuwa mbele.

Jumamosi ile nilifanya badiliko langu la kwanza. Nilikata vipande 4 vya bomba la kitanda cha chuma kilichovunjika, kila kimoja kirefu kama sentimita 4, nikanunua bolti ndefu zaidi, nikainua madigadi ya mbele ikae juu kidogo ya tairi. Kazi ilichukua asubuhi moja, na gharama yake ilikuwa bolti tu. Tangu hapo udongo huanguka wenyewe. Hasara yake ni moja, nayo ni kwamba matope machache hunirukia magotini, kwa hiyo sasa nina suruali ya njiani na suruali ya ofisini.

Vijana walinishauri pia niondoe kasha la mnyororo, kwa kuwa ati hukusanya matope. Hilo nililikataa. Mnyororo wa AG100 umefungwa wote ndani ya kasha, na waliofanya hivyo hawakuwa wajinga. Hata kampuni ya Honda, ilipotoa CG125 mwaka 1976 kwa ajili ya nchi zenye njia mbaya, iliufunga mnyororo ndani ya kasha, na katika injini ikaweka vijiti vya kusukuma valvu mahali pa mnyororo wa ndani, kwa kuwa mainjinia waliona kwamba wateja wengi hawapati nafasi wala fedha za matengenezo ya mara kwa mara. Pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria kwetu zimeufuata mfano wa injini hiyo, lakini kasha la mnyororo mara nyingi halipo, na mnyororo ulio wazi katika vumbi na tope huisha upesi. Mimi hufungua kasha langu, hukaza mnyororo uchezeke kiasi cha vidole 2, huupaka oili, kisha hufunga. Basi.

Njia hii ya tambarare ikikupeleka upande wa Katuk Odeyo, utaona jambo la kuhuzunisha. Maji ya mvua yamekula ardhi na kuchimba makorongo makubwa, na njia uliyoipita Jumatatu huenda Ijumaa usiikute. Mtikisiko wa mahali hapo hulegeza kila nati. Nimejizoeza kuzigusa kwa spana kila Jumamosi, kuanzia ekseli ya mbele mpaka ya nyuma, bila kuruka hata moja. Nati iliyolegea haigharimu kitu kuikaza, bali iliyoanguka njiani hugharimu safari.

NJIA YA ZIWANI

Njia ya Kusa ina vumbi na mchanga, na baada ya mvua ina vijito. Mwaka 2020, ziwa Victoria lilipopanda kufikia kimo ambacho hakikuonekana tangu mwaka 1964, watu wengi wa pwani ya Nyakach walihama nyumba zao, na njia nyingine zikawa za mitumbwi. Hata katika miaka ya kawaida, mwenye pikipiki akienda huko yampasa ajue mambo 2, yaani hewa na maji.

Kwanza hewa. Injini hupumua kama mtu. Kichujio cha hewa cha pikipiki yangu ni sifongo iliyolowa oili, na vumbi hunasa humo. Nilipoinunua pikipiki, sifongo ile ilikuwa imeoza, na mwenyewe wa kwanza alikuwa ameziba pengo kwa kipande cha gunia. Gunia halizuii vumbi laini, na vumbi hilo likiingia ndani huwa kama msasa juu ya pistoni. Nilinunua sifongo mpya. Kila majuma 2 katika kiangazi huiosha kwa mafuta ya taa, huikamua bila kuisokota isije ikapasuka, huiacha ikauke kivulini mbali na moto, huitia oili, kisha huikamua tena mpaka isidondoke.

Pili maji. Siku moja nilivuka kijito nisichokijua kina chake, injini ikanyamaza katikati. Kijana mmoja akaniambia nipige kiki kwa nguvu. Nashukuru kwamba fundi wangu alikuwa amekwisha kunikanya. Maji yakiwa ndani ya silinda hayabanwi kama hewa, na mwenye kulazimisha aweza kuvunja kitu. Nilisukuma pikipiki mpaka ukavu, nikatoa plagi, nikapiga kiki polepole, maji yakaruka nje kupitia tundu la plagi kama mate ya mtoto. Nikamwaga na maji yaliyoingia katika kabureta, nikapangusa plagi, nikairudisha. Ikawaka kwa kiki ya 7. Tangu siku hiyo sisafiri bila spana ya plagi na plagi ya akiba yenye pengo lililopimwa, kiasi cha nukta 6 za milimita.

Kusa ndipo nilipojifunza jambo jingine, ingawa sikulishika mapema. Wavuvi wengi huko hutumia mashine za boti za mipigo 2, nao hawana pampu, bali huchanganya oili na petroli kwa mkono. Nilimwona mzee mmoja akinunua petroli. Kabla hajalipa, kabla hajasema neno jingine, alimimina oili katika mtungi kwa kipimo cha kopo, akaufunga, akautikisa. Nikamwuliza, "Jaduong', mbona hungoji mpaka ufike ufukoni?" Akanijibu, "Petroli isiyo na oili haiingii nyumbani kwangu. Nikiiingiza, siku moja mtoto ataichukua. Na ziwani hakuna wa kukusukuma."

Niliandika maneno yake katika daftari langu. Lakini kuandika ni jambo moja, na kushika ni jambo jingine.

BADILIKO NILILOLIJUTIA

Katika mwaka wangu wa pili na pikipiki ile, niliona oili ikidondoka upande wa kulia wa injini, mahali pampu ilipo. Kila asubuhi palikuwa na doa chini. Tangi dogo la oili likawa linaisha upesi, nami nikaona fedha zangu zikimwagika ardhini. Vijana wa stendi wakanipa shauri: "Ng'oa hiyo pampu, karani. Ziba tundu. Changanya oili katika tangi kama watu wa boti. Hutapata taabu tena."

Nikampelekea pikipiki fundi wangu, mzee mmoja aliyetengeneza mashine tangu ujana wake. Aliitazama pampu, akanitazama na mimi. "Wuoda," akasema, kama mtu anavyomwita mwanawe, "pampu hii ina kazi. Ukiing'oa, kazi yake ataifanya nani?"

Nikajibu, "Mimi."

Hakusema zaidi. Aliing'oa, akaziba tundu kwa bamba na skrubu, akanionyesha kipimo, yaani sehemu 1 ya oili kwa sehemu 25 za petroli, ambayo ni mililita 40 kwa kila lita. Nikanunua chupa ndogo ya dawa ya kikohozi, nikaitia alama, ikawa kipimo changu. Pampu nikaitupa katika kopo la misumari nyumbani. Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda vizuri, na mimi nikajiona fundi. Niliwaambia hata makarani wenzangu kwamba wanaotengeneza pikipiki huko Japani huweka vitu vingi visivyo na haja.

NJIA YA MLIMANI

Sasa twende Nyabondo. Njia hupanda ukingo kwa kona na mawe, na kadiri upandavyo nchi hufunguka nyuma yako. Kutoka juu waona uwanda wa Kano wote, na ng'ambo yake milima ya Nandi, na upande wa magharibi ghuba ya Winam iking'aa kama bati jipya. Chini ya ukingo kipo kituo cha umeme cha Sondu Miriu, cha megawati 60, kilichoanza kazi katika mwaka 2008 au karibu na hapo. Maji ya mto yachukuliwa juu, yapitishwa ndani ya mlima katika mtaro wa zaidi ya kilomita 6, yaangushwa chini yazungushe mashine, kisha yapelekwa kituo cha pili cha Sang'oro cha megawati 21. Juu, Nyabondo kwenyewe, ni nchi ya matofali. Watu wengi huchimba udongo, hufyatua matofali na kuyachoma, na mashimo yaliyobaki hujaa maji ya mvua. Wachunguzi wa malaria wamefanya kazi miaka mingi huko, kwa kuwa mbu huzaliana katika mashimo hayo.

Kwa mlima huu nilikuwa nimefanya mabadiliko 2. Nilipunguza jino 1 katika sproketi ya mbele, ambalo ni karibu sawa na kuongeza meno 3 nyuma. Mwendo wa tambarare ulipungua kidogo, lakini pikipiki ikapanda kwa gia ya pili mahali ilipokuwa ikilia kwa gia ya kwanza. Badiliko hilo nalisifu mpaka leo. Tena nilitaka kurefusha keria ya nyuma ichukue magunia 2. Fundi alikataa. Alisema mzigo ukipita nyuma ya ekseli huinua gurudumu la mbele wakati wa kupanda, na gurudumu lililo hewani halina usukani. Basi nikaacha.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa Aprili. Mama yangu, ambaye amepita miaka 70, alikuwa na siku yake ya kupimwa presha katika hospitali ya Nyabondo. Kila mwezi mimi humpeleka. Alikaa nyuma yangu akiwa amevaa kofia yake ngumu, kama sheria itakavyo, na kibeti chake mapajani. Mawingu yalikuwa mazito upande wa ziwa, nasi tulitaka kuwahi. Kabla ya mlima niliona petroli imekaribia kuisha. Nikasimama kwenye kibanda kiuzacho petroli kwa chupa, nikamwambia mwuzaji atie lita 1, nikalipa, nikafunga kifuniko, tukaondoka. Mama alikuwa akinieleza habari za mazishi ya jirani. Chupa yangu ya oili ilikuwa ndani ya mfuko niliouvaa begani.

Tulipita kona ya kwanza, na ya pili. Kwenye kona ya tatu injini ikaanza kulia kwa sauti nyembamba kama mtu aliyebanwa kifua. Nguvu zikapungua. Nikadhani gia haikufaa, nikaishusha. Mara gurudumu la nyuma likakaza, tairi likaburuzika juu ya kokoto. Nilikuwa na desturi ya kuweka vidole 2 juu ya mkono wa klachi, nikauvuta, gurudumu likaachiwa. Lakini tulikuwa mlimani, na pikipiki isiyo na injini hurudi nyuma. Nikakaza breki zote 2, miguu yangu ikiteleza. Upande wetu wa kushoto palikuwa na bonde. Mama alinishika kiunoni wala hakupiga kelele.

Watu waliokuwa wakipakia matofali walikimbia wakatushika. Mama akateremka, wakamketisha juu ya lundo la matofali. Mimi nilisimama nikitazama silinda ikitoa joto kama chungu kilichosahauliwa jikoni, nikakumbuka. Nilifungua mfuko, nikaitoa ile chupa ya dawa ya kikohozi. Ilikuwa imejaa.

Mama aliitazama chupa, akanitazama mimi. Alikuwa ameijua habari ya pampu, kwa kuwa nilikuwa nimejisifu mbele yake. Akasema kwa upole, "Mwanangu, kile kichuma ulichokitupa katika misumari, chenyewe hakikuwahi kusahau."

Kijana wa boda boda alimpeleka hospitali. Alikuta wengi wametangulia, akangoja mpaka alasiri, na presha yake ilikuwa juu kuliko mwezi uliopita. Mimi niliteremka mlima kwa breki tu, injini imezimwa, gia imetolewa. Breki hizo nilikuwa nimezirekebisha Jumamosi iliyotangulia, nami nilizishukuru katika kila kona.

KUREKEBISHA

Tulipoifungua, silinda ilikuwa na mikwaruzo na pete za pistoni zimeganda. Niliipeleka silinda Kisumu, kwa mafundi wa jua kali wa Kibuye, ikachongwa ipate pistoni iliyozidi ile ya kwanza kwa nusu milimita. Gharama yote ilikula nusu ya mshahara wangu wa mwezi ule.

Kisha fundi wangu akasema, "Lete ile pampu." Tuliitoa katika misumari, tukaiosha kwa petroli, tukaijaribu. Pampu ilikuwa nzima kabisa. Kilichokuwa kikivuja ni mrija wa mpira uletao oili, ambao ulikuwa umekauka na kupasuka penye ncha yake. Mrija mpya, mfupi kama shubiri, pamoja na kibanio chake, ulinigharimu pungufu ya bei ya sahani moja ya samaki. Yaani niliondoa kiungo kizima kwa sababu ya kidonda kidogo ambacho sikukitafuta.

Tuliirudisha. Kwa faida ya mwenye mashine kama hii, naeleza utaratibu. Baada ya kuifunga, sharti utoe hewa iliyo ndani ya mrija kwa kulegeza skrubu ndogo ya pampu mpaka oili itoke bila mapovu. Hakikisha alama ya pampu inalingana na waya wa mkono wa mafuta. Tena katika tangi la kwanza tia oili kidogo pamoja na petroli, ili injini isikose chochote wakati pampu inaanza kazi. Na pistoni mpya usiitese. Kwa majuma ya kwanza nenda polepole.

Tangu hapo Jumamosi yangu ina ratiba. Hutazama tangi la oili. Hukaza nati. Hupima mnyororo na breki. Hutoa plagi niisome rangi: ikiwa ya kahawia kama chai ya maziwa, yote ni sawa, ikiwa nyeupe, injini ina joto kupita kiasi, ikiwa nyeusi yenye kulowa, oili au petroli imezidi, au kichujio kimeziba. Kila miezi michache huvuta kile kichuma kilicho ndani ya bomba la moshi, hukitia motoni masizi yaungue, na kukisugua, kwa kuwa injini ya mipigo 2 yenye bomba lililoziba hupoteza nguvu kama mtu mwenye mafua. Kazi hizi zote, ukiacha ile ya bomba la moshi, hazifiki saa 1.

Sikuandika haya ili kuwaogopesha wasomaji wasibadili chochote. Madigadi niliyoinua ingali juu, na jino nililopunguza lingali limepunguzwa, kwa sababu udongo wetu na mlima wetu viliyataka mabadiliko hayo, na baada ya kuyafanya hayakunidai kitu tena. Ile pampu ilikuwa namna nyingine. Nilipoiondoa, kazi yake haikuondoka pamoja nayo, bali ilihamia kwangu, nami nina ofisi, na watoto, na mazishi ya majirani ya kufikiria. Mzee wa Kusa aliweza kuibeba kazi hiyo kwa kuwa aliifanya desturi ya nyumba yake. Mimi niliibeba kwa maneno tu. Mwenye kinu cha kusaga, mwenye pampu ya kumwagilia mboga, mwenye jembe la ng'ombe, wote hukutana na jambo hili. Kabla ya kung'oa kitu, kwanza atafute hasa kilichoharibika. Kisha ajiulize lile swali la fundi: kazi yake ataifanya nani, siku ya mvua, akiwa ana haraka?

Mwezi uliofuata nilimpeleka mama Nyabondo tena. Alisimama kando ya pikipiki, kofia mkononi, asipande. Akainama, akatazama upande wa kulia wa injini.

"Ipo?" akauliza.

"Ipo, mama."

Ndipo akavaa kofia yake, akapanda, tukaenda.